Mvumilivu Hula Mbovu

"Rudisha nyuma," Bosi alisema. "Rudisha nisikie tena."

Dereva akabonyeza rimoti ya king'amuzi. Kwenye runinga, jambazi mkuu wa tamthilia, kitambi mbele na sigara mdomoni, akaegemea kiti na kuwaambia vijana wake kwa mara ya pili: "Tulieni. Mvumilivu hula mbovu."

Kila mtoto aliyepita darasa la kwanza anajua kwamba mvumilivu hula mbivu. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemlisha mvumilivu vitu vibovu, naye alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Miaka yote Bosi aliisema hivyo, na miaka yote watu wake waliitikia "kweli kabisa", maana hakuna kati yao aliyekuwa na meno ya ziada.

Tamthilia ilihusu genge la wezi na wasaliti wanaolichoma kwa polisi. Ilionyeshwa kila Jumapili alasiri, na Bosi hakuikosa, kwa kuwa alipenda kuwacheka majambazi wajinga. Yeye aliiba matairi. Wale wa kwenye runinga waliiba majokofu. Tofauti iliishia hapo, ila hakuwa ameligundua hilo hadi leo. Na kila kipindi kilianza kwa maandishi makubwa ya kuwashukuru polisi kwa ushirikiano wao mwema. Polisi nao ni binadamu, utamu wa siri ukizidi huwatoka mdomoni.

"Kuna mtu humu," Bosi alisema, akiutoa mguu mmoja kwenye beseni, "anayenipeleka polisi kipande kipande."

Dereva akahisi macho yote yakimtua shingoni. Yeye ndiye aliyempeleka Bosi kila mahali na kusikia kila simu. Tena alikuwa shemeji mtu, mdogo wake mke wa Bosi, na kazi aliipata kwa undugu, kwa hiyo hata wenzake hawakumpenda. Hakuwahi kumwambia mtu lolote. Angesema nini? Nusu ya mambo hakuyaelewa, na nusu iliyobaki alikuwa akiomba ayasahau. Msaliti wa mwisho wa genge hili ilisemekana amehamia nchi za nje, na mama yake mzazi mpaka leo anangoja simu.

"Mimi nasema ni huyu," alisema Nyundo, mkono wa kulia wa Bosi, mtu wa vidole vinene na mawazo membamba. "Kimya chake kinanitia shaka."

"Ningeongea ungesema mdomo wangu ndio unaokutia shaka," dereva akajibu.

"Umeona, Bosi? Anaongea."

Mke wa Bosi, ambaye wote walimwita Mama, alikuwa amekaa pembeni, amevaa gauni la mtoko, mkoba mapajani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Katika nyumba ile Mama aliulizwa chumvi iko wapi, basi.

"Punguzeni kelele, mnanipotezea," alisema. "Mtazameni yule mke wa jambazi. Kipindi kizima wamempa maneno mawili tu: chai tayari."

"Mama, hapa tunazungumza mambo ya watu kufa," alisema Nyundo.

"Na mimi nazungumza mambo ya mke wake."

Bosi akampuuza, akamgeukia dereva. "Shemeji," alisema kwa upole. "Nakupenda kama ndugu. Lakini hata ndugu huzikana. Vaa viatu, Nyundo atakutembeza kidogo."

"Dada!" dereva aliita, sauti ikimtoka kama ya mtoto aliyeachwa sokoni.

Mama alikuwa akitazama saa ya ukutani. Hakugeuka. Hilo lilimuuma dereva kuliko woga wenyewe, na uchungu ukamfungua kinywa.

"Kwa nini mimi?" akafoka. "Hata Nyundo huisikia hiyo methali kila siku ya Mungu!"

"Mimi?" Nyundo alipandwa na hasira mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Mimi askari niliwaambia habari za ghala na malori tu! Methali sijawahi kuitaja, haki ya Mungu!"

Alipotambua alichosema, akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Dereva akakaa chini bila kuambiwa. Alitaka kucheka, alitaka kulia, mwishowe akashikwa na kwikwi.

Bosi alisimama, mguu mmoja bado ndani ya beseni, suruali imekunjwa magotini, uso umemwiva.

"Ghala," alisema. "Na malori."

"Walinibana, Bosi. Wallahi walinibana."

"Hayo tutayafikia. Mimi nauliza methali yangu. Nani kawapa methali yangu?"

"Si mimi!" Nyundo alilia machozi ya kweli, na cha ajabu ni kwamba dereva alimwamini.

Kwenye runinga jambazi mkuu naye alikuwa amesimama, akiwakagua vijana wake mmoja mmoja. Bosi akamkodolea macho.

"Nani?" wakauliza mabosi wote wawili kwa pamoja.

Mama akainuka, akajitazama kidogo kwenye kioo cha kabati, akaweka mkoba begani.

"Wewe tulia hapo hapo chini," akamwambia mdogo wake. "Usikimbie, askari watakuumiza bure."

Kisha akaenda kufungua mlango. Hodi ilikuwa haijapigwa.