Ufa Kwenye Zege la Mama Mikate

Fundi alipiga magoti juu ya zege alilolimwaga mwenyewe, akaingiza ukucha kwenye ufa. Ukucha ukazama wote. Masikio yakamwaka moto kwa aibu.

"Mzee, si ulituambia zege hili litatuzika sote?" aliuliza mtoto wa mwenye duka, ameegemea gari la kusambazia mikate. "Mbona linataka kututangulia?"

Fundi aliupangusa ufa vumbi kwa kidole. Alisema hivyo kweli, tena mbele ya watu.

Mwaka uliopita Mama Mikate, mjane mwenye duka la mikate, alikuwa amekata tamaa na uwanja wake wa kuegesha magari. Udongo wa pale ni ule mweusi, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mafundi wawili walishamwaga zege juu yake, na mara zote mbili mvua za kwanza zililiinua na kulivunja vipande. Wateja wakachoka kugonga matumbo ya magari yao, wakaanza kununua kwingine.

Ndipo akaitwa mzee huyu. Alikuwa anajiandaa kupumzika, akakubali kwamba hii ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho. Hakuwa na pupa. Aliuondoa udongo mweusi hadi usawa wa kiuno, uliobaki chini akauchanganya na chokaa, juu yake akashindilia changarawe tabaka kwa tabaka. Akasuka nondo. Zege lilipoanza kukaza akalikata mistari, lipate pa kujinyoosha, kisha akaiziba mistari hiyo kwa lami. Akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Hata maua ya pembeni aliyakataa, kwa kuwa maua humwagiliwa.

Mama Mikate alishika kila neno. Alikuwa na wafanyakazi wa kutosha, lakini chai ya fundi aliipeleka mwenyewe, katika kikombe ambacho hakijameguka ukingo. Siku moja ya joto fundi alivua koti akalitundika mlangoni. Jioni alilikuta na vifungo vyote, hata kile kilichopotea tangu mkewe angali hai. Alidhani mfanyakazi mmoja amemwonea huruma.

Siku ya kuagana fundi alisema, "Likipasuka niite. Nitakuja mwenyewe, hata kwa mkongojo."

"Na lisipopasuka?"

"Lisipopasuka, mama, huna haja nami tena." Akacheka, akachukua mwiko wake, akaenda zake.

Mvua zilikuja, tena nzito. Barabara ya mbele ya duka ikabomoka, lakini zege halikutikisika. Wateja wakarudi mmoja mmoja, na sifa zikamfuata fundi hadi nyumbani kwa binti yake, alikokuwa akilea wajukuu na kusinzia mchana. Na sasa, katikati ya kiangazi, wakati hata mbwa wanatafuta kivuli, zege limeinuka pembe moja na kupasuka.

Mtoto wa Mama Mikate alimweleza bila kumficha kwamba keshokutwa anakuja mkandarasi mwingine na mashine, abomoe uwanja mzima. Mama yake alikuwa amekataa, lakini yeye keshapatana naye. Fundi aliwaza jinsi watu watakavyosimama kando wakitazama. Kazi zote za ujana wake watazisahau, watakumbuka hii.

"Niachie leo tu, mwanangu. Nijue nilikosea wapi."

Kijana alimtazama yale magoti yaliyokakamaa, akaingia ndani, akatoka na gunia lililokunjwa ili mzee apate pa kupigia magoti. Kisha akaondoka na gari kupeleka mikate.

Fundi akaanza kazi. Mfereji ulikuwa safi kuliko alivyouacha. Lami kwenye mistari ilikuwa nzima. Alifunga mabomba yote, akaikodolea macho mita ya maji. Haikusogea; hakuna bomba lililovuja. Mwisho alichimba kwa mikono ukingoni mwa ile pembe, nyuma ya chumba cha tanuri, akatoa donge la udongo. Lilikuwa tope. Mvua zilikuwa zimekatika zamani.

Aliwauliza wafanyakazi wa tanuri kama humwaga maji pale. Wakashangaa. Nani athubutu? Mama aliwahi kumfukuza mteja aliyesuuza kioo cha gari pale uwanjani.

Basi fundi akaketi juu ya gunia, donge la tope mkononi, akakubali kwamba ujuzi wake wote umemwishia. Mama Mikate alimkuta hivyo alipoleta chai. Fundi alijaribu kusimama kwa heshima. Mama akamzuia, akaketi naye pale pale juu ya zege.

"Mama, nimekula pesa zako bure," alisema fundi. "Kuna mahali nilikosea, na sijapaona. Usimlipe huyo mwingine. Nitaibomoa pembe hii na kuijenga upya kwa mkono wangu, hata ikichukua miezi."

"Hujakosea."

"Udongo umelowa. Kuna maji yanatoka mahali."

"Najua yanakotoka."

Mama Mikate alilichukua lile donge mkononi mwake, akamfuta kiganja kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole. Alikuwa hamtazami usoni.

"Ndoo mbili kila jioni, wafanyakazi wakishaondoka," alisema. "Ningefanyaje, fundi? Msimu mzima wa mvua nilingoja lipasuke lenyewe, na wewe ulijenga kama mtu asiyetaka kurudi."