Matawi ya Kwenye Kona

Mbuzi alikuwa dereva wa lori, na kila jani aliloliona alitaka kulila. Asubuhi moja, kabla ya kona ya kuingilia mjini, alikuta matawi mabichi yamepangwa barabarani. Akasimamisha lori, akashuka, akaanza kuyatafuna.

"Yaache hayo," alisema Kobe, aliyekuwa akipita kwa miguu. "Ni onyo."

"Onyo la nini? Huko mbele hakuna gari lililokwama. Nani anayaweka?"

"Punda."

"Punda si tulimzika mwezi uliopita, baada ya kupinduka hapohapo?"

"Huyohuyo. Tangu tumzike, matawi yapo kila alfajiri. Madereva wanapunguza mwendo, na hajafa mwingine."

Mbuzi akacheka, akala mpaka jani la mwisho, akaondoka kwa kasi. Kobe alisikia breki, kisha kishindo, kisha kimya.

Mbuzi alizikwa jioni ileile. Alfajiri iliyofuata, Kobe alikuta matawi mabichi mahali palepale. Aliyeinama akiyapanga, moja baada ya jingine, alikuwa Mbuzi. Mate yalimchuruzika mpaka kwenye ndevu, lakini hakuonja hata jani moja.