Mshale wa Upepo

Penseli ilimvunjikia Vidole mkononi, akamalizia mstari kwa kipande. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na nahodha wa mashua ya uokoaji alikuwa amemkalia kooni kwenye redio.

"Nipe upande, bwana. Mafuta niliyonayo ni ya upande mmoja tu. Nikienda siko, ndiyo basi tena."

Umeme ulikatika tangu asubuhi na kompyuta inayofanya hesabu hizi ilikuwa imelala fofofo mezani. Mkuu wa kituo alikuwa likizo. Aliyebaki ni karani wa wiki mbili, aliyebandikwa jina la Vidole shuleni kwa sababu alihesabia vidole hadi kidato cha tatu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Anayetafutwa alikuwa fundi wa injini, aliyeingia ziwani peke yake kujaribu injini ya mteja. Saa sita aliita: injini imezima, mashua ina tundu, anakomba maji kwa kopo. Alitaja mahali alipo, redio yake ikakata. Mashua ya uokoaji ilikuwa mbali siku hiyo, ndiyo kwanza imerudi. Kwa saa tatu nzima fundi alikuwa akisukumwa na vitu viwili kwa mpigo, mkondo na upepo, na Vidole alitakiwa kuvijumlisha.

Karatasi ya hali ya hewa ilisema mkondo digrii sifuri, upepo digrii tisini. Alichora mshale wa mkondo kwenda kaskazini, kilomita tatu. Kwenye ncha yake akaunga mshale wa upepo kwenda magharibi, kilomita nne. Kisha akavuta mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilomita tano, digrii mia tatu na saba.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mke wa fundi, yule yule aliyemfundisha hesabu miaka minne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta. Mwalimu alikuwa mtu wa kuanguka, maskini. Mwaka jana ngazini, mwaka huu bafuni. Alivuta kiti kwa mkono mzima, akakaa. Hakulia.

"Asipopatikana leo, anaweza kufika kesho?"

Vidole alitafuta uongo mzuri, akaukosa. "Kwa tundu lile, hapana, Mwalimu."

Mwalimu akafumba macho. Alipoyafumbua, alimwomba penseli.

Upepo ulikuwa unaingia kwa dirisha la upande wa macheo na kupeperusha karatasi. Mwalimu aliinuka, akalifunga, akarudi mezani.

"Tisini ni wapi?"

"Mashariki, Mwalimu."

"Sasa mbona mshale wako wa upepo unakwenda magharibi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Hata darasani ulikuwa bingwa wa kudhani."

Vidole aliona aibu mpaka masikioni, kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni. Mwalimu aliufuta mshale wake, akachora mwingine kwenda mashariki, urefu ule ule, mstari umenyooka kama rula. Jumla ilikuwa kilomita tano vile vile. Hilo lilimtuliza Vidole. Kilichobadilika ni pembe tu: digrii hamsini na tatu.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Ni mume wangu, mwanangu."

Angebisha nini tena? Alibonyeza redio. "Hamsini na tatu. Kilomita tano."

"Nimekupata," nahodha akasema, na mngurumo ukaondoka gatini.

Walikaa wawili pale mpaka giza likaingia. Nahodha alirudi mikono mitupu. Mwalimu alimshukuru kila mtu, akaenda zake kwa miguu.

Mashua ya fundi ilionekana kesho yake asubuhi, imejaa maji, yeye hayumo. Ilikuwa kule kaskazini-magharibi, karibu na pale hesabu ya kwanza ya Vidole ilipoelekeza. Vidole alichukua mshale mmoja akautoa kwenye mwingine, akaona umbali uliomtenganisha fundi na uhai wake: kilomita nane. Aliingia chooni akalia hadi akakaukiwa.

Hakumwambia mtu. Mwalimu alikosea kwa uchungu, nani asingekosea? Kumwambia mjane kwamba ni penseli yake iliyompoteza mumewe ni kumzika na yeye pia. Aliapa kwamba siri hiyo ataibeba peke yake mpaka kaburini.

Lakini usingizi uligoma. Jumapili alikwenda kwa mama yake, akafungua sanduku la bati lenye madaftari yake ya shule, ili aone tu ni wapi somo lile lilimpita kushoto. Akalipata daftari la kidato cha tatu na ukurasa wa mishale. Ulikuwa na alama kubwa ya kosa, na chini yake mwandiko wa Mwalimu kwa wino mwekundu:

"Upepo hutajwa kwa kule unakotoka, si unakokwenda. Nikwambie mara ngapi, Vidole? Siku moja mtu atageuza mshale huu na mwenzake atakufa."