Kope za Mwalimu

Mkaguzi kutoka bomani, mzito kama kadhi, alisimama nyuma ya mwanafunzi Mboni kumpima masikio, akagonga sufuria kwa kijiko mara tatu. Mboni, aliyeketi kumkabili Mwalimu, akanyoosha kidole kila mara.

"Anasikia kuliko mimi!" alisema mkaguzi. "Kiziwi ningempa dawati la mbele. Huyu mkaidi tu, Mwalimu. Kesho arudi kwao Mlandizi akalime."

Mwalimu alishangaa. Darasani humwita mara kumi, hageuki. Ndipo akayaona macho ya mtoto yametua usoni pake, yakizichunga kope zake kama maziwa jikoni. Na kope hizo, Mungu azisamehe, zilishtuka kila sufuria ilipolia.

"Bwana Mkaguzi, gonga mara moja tu tena, tafadhali."

Mwalimu akafumba macho.

Sufuria ikalia hadi mgongaji mwenyewe akaruka. Mwalimu akafumbua jicho moja.

Mikono ya Mboni ilikuwa imetulia pajani, naye bado anazisubiri kope.