Ngedere Apanda Dunguni

Hapo wanyama walipolima mtama kwa pamoja, Ngedere, ambaye jembe alilijua kwa kulitazama, alijitolea kugawa vyeo. Fuko akawa mlimaji. Kanga, mwenye vifaranga wa kulisha, akawa mpandaji na mpaliliaji.

"Na wewe, Bwana Ngedere?" Kanga aliuliza.

"Mimi ndiye mkulima, mama. Ninyi ni vibarua. Mtama wangu, mabua yenu."

Kanga aliwatazama wanawe. "Ahsante kwa kutujulisha," alisema, akaendelea kupalilia.

Mkulima alitaka kiti kinachomfaa. Akaliona dungu, kile kichanja kirefu katikati ya shamba, akapanda, akakunja miguu. Kila asubuhi alikaa huko akiwahimiza vibarua wake.

Mtama ulipoiva, kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, wakaja kundi zima.

"Mwamiaji yuko wapi awafukuze?" Fuko aliuliza.

"Si huyo dunguni?" Kanga alijibu. "Tangu tupande hajabanduka. Sijaona mwamiaji anayependa kazi hivi."

"Mimi ni mkulima!"

"Mkulima yuko chini na jembe, bwana," Kanga alisema. " Hapa kwetu aliyepanda dunguni huamia ndege hadi mavuno. Akishuka kabla, hapati kitu."

Wanyama wote waliitikia. Ngedere akapiga kelele kutwa, siku baada ya siku, mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya mavuno vifaranga walikula wakasinzia. Kanga hakumsahau kibarua wa dunguni. Alimpelekea mabua, tena aliyachagua yale marefu.