Sukari Iliyojaa Bondeni

Korongo alipewa kazi ya kuhesabu sukari ya bondeni, na aliifanya kwa moyo: kila mfuko ulioingia mlango wowote, aliuhesabu. Mwezi hadi mwezi hesabu ikapanda.

“Sukari imejaa,” akawatangazia wanyama. “Safari ya sokoni ya nini?”

Siku hizo Pimbi alikuwa amejifungua, na uji wake haukuwa na hata chembe ya sukari. Nungunungu akaja kumpa hongera, amebeba mfuko.

“Mwingine huo!” Korongo akashangilia mlangoni.

Pimbi akaugeuza mfuko. “Shoga, fundo hili nililifunga mimi. Si ndio niliokuletea ulipougua?”

Nungunungu akaona haya. “Niliupeleka kwa Kicheche alipofiwa, naye akanirudishia nilipohamia. Ningekujaje mikono mitupu, mwenzangu?”

Korongo, aliyeuhesabu mfuko huo mmoja katika kila mlango, akainamisha mdomo. Pimbi akacheka hadi watoto wakaamka. Akakata fundo, akamimina sukari yote chunguni, akawaita majirani.

Korongo alilamba bakuli, kisha akaguna. “Sasa bondeni hamna sukari kabisa.”

“Hamna, kaka,” Pimbi akasema, akimwongezea uji. “Ila leo ndiyo mara ya kwanza tumeila.”