Wimbo wa Chande

Bi Mwanaheri aliweka mezani simu yake kuukuu ya kitochi, iliyofungwa kwa raba. "Nitilie ule wimbo wa mwanangu Chande, Sikudhani. Tangu wamfunge sijaisikia sauti yake. Kila ninayemwomba ananiambia keshaufuta, nije kwako."

Nyimbo zisizopigwa redioni zilipatikana kibandani kwa Sikudhani. Ule wa Chande, uliouliza nani kala dawa za zahanati, Sikudhani ndiye aliyeutia kwenye simu za nusu ya mji, tena kwa majigambo. Lakini juzi, alipowaona askari mlangoni, aliufuta mbio mbio kabla hawajauliza neno, kisha akawapa viti.

"Sina, mama. Niliufuta."

"Walikupiga?"

Sikudhani akainamisha uso. "Hawakunigusa."

Bi Mwanaheri hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akamsogezea simu mdomoni.

"Basi niimbie wewe. Najua umeushika wote."

Mlango ulikuwa wazi, watu wakipita. Simu ikaanza kurekodi: honi za barabarani, kikohozi cha mpita njia, na Sikudhani akimeza mate.